Sahihi ya Mkono wa Kushoto

Rubona, Gisenyi
21 Aprili 2024

Mutoto wangu Belise,

Nakusalimia sana, na wa hapa wote wanakusalimia. Nitawataja mumoja mumoja, usiseme kuna mutu nimesahau. Baba yako Mbarushimana anakusalimia, iko muzima, juzi ametengeneza ule mulango uliokuwa unalia kama mutoto. Nyogokuru wako Illuminée anakusalimia, anasema nikuulize kama huko munapewa chakula ao munakula kompyuta. Kaka yako Evode anakusalimia, bado anavuka mupaka kwa Grande Barrière kila asubuhi na bidhaa za watu, anarudi na mavumbi mpaka kwa kope. Tantine Vestine anakusalimia, mimba yake imeingia mwezi wa tisa, tumbo imeshuka, tunangoja leo ao kesho. Tonton Gatete anakusalimia, anauliza kama ile kompyuta aliyokupa iko inawaka vizuri. Mama Yasmina jirani anakusalimia, wamemaliza mufungo salama. Hata kuku yako nyekundu ingekusalimia, lakini iko inalalia mayai, haitaki mutu.

Mi mwenyewe niko muzima. Mugongo unaujua, ni mugongo wa zamani. Samaki wadogo wamerudi kwa ziwa, nakaanga sambaza kila siku pale pale juu ya bandari, na watu wa kiwanda cha bia wakitoka kazini wananunua.

Bon. Sasa nije kwa neno lenyewe.

Manzi, yule kaka ya Yasmina anayefanya kazi ya kompyuta Kigali, alikuja siku mbili. Nikamupa sambaza, nikamuuliza juu ya hiyo kazi munayojifunza, juu mi naogopa kukuuliza sana, naona nitakuchosha. Akaniambia mutu wa kuandika programu ana njia mbili. Iko moja ndogo, inaitwa edita, ni kama karatasi tu. Na iko moja kubwa, inaitwa IDE, ndani yake kuna kila kitu, inakusaidia, inakuonyesha makosa, inamaliza maneno yako. Nikamuuliza, Belise anatumia gani? Akasema, kwa kompyuta ile ya Gatete, lazima edita. Halafu akacheka: "Mama Belise, hiyo ni kama kukaanga sambaza moja moja."

Yewe, mutoto wangu, ile maneno ilinikaa kwa roho. Nakaanga najiuliza: wamemupa mutoto wangu kalamu ya masikini? Wenzake wanamucheka? Njo maana siku ile ya kutembelea watoto kwa shule ulikuwa kimya? Niambie kweli. Usinifiche kitu juu ya kunihurumia, mi si mayai.

Na usionyeshe wenzako hii barua. Unajua mi nilisoma miaka tatu tu kule Masisi, kwa Kiswahili cha masista, na njo hicho kilibaki kwa mukono. Kinyarwanda nasema, kuandika kinanikatalia. Naandika kwanza kwa daftari ya zamani ya Evode, nafuta, nafuta, halafu nasafisha kwa karatasi hii. Imenichukua siku mbili. Kupiga simu kwa ofisi ya shule siwezi, yule anayepokea anasikiliza kila kitu.

Nimemupa Karangwa wa taxi hii barua na kilo ya sambaza kavu. Umujibu mama yako mbio, umupe Karangwa akirudi.

Mimi mama yako,
Ingabire


Shuleni
5 Mei 2024

Mama,

Nakusalimia kwa heshima, na baba, na nyogokuru (mwambie tunakula maharagwe, kompyuta ni ngumu kutafuna), na Evode, na tantine, na wote. Sambaza zilifika. Chumba kizima kilinuka Rubona, wenzangu walilalamika kisha wakazimaliza.

Mama, Manzi hakudanganya, ila hakumaliza kusema. Edita ni ya kuandikia tu. Unachoandika ndicho kinachokaa, kama daftari yako. Ukikosea haikuambii, utajua mwenyewe ukiijaribu programu na ikikataa. IDE inakuchorea mstari mwekundu chini ya kosa, inakumalizia majina, inakuwezesha kusimamisha programu katikati uone ndani yake kuna nini. Watu wa kazi wengi wanaitumia, na si wavivu.

Mimi natumia edita kwa sababu mbili. Ya kwanza, kompyuta ya tonton. Nilipoweka ile kubwa, ilivuma kama mashine ya kusaga mihogo, halafu ikaganda. Ya pili sijui niiseme vipi. Kwa edita, ninapomaliza najua kila kitu kimefikaje pale. Kwa ile kubwa naenda mbio, na mara nyingine nafika bila kujua nimepita wapi.

Wenzangu wanacheka, ni kweli. Kuna mmoja ananiita "Bibi wa Mkaa," eti naandika ukutani kwa mkaa. Si hilo lililoninyamazisha siku ile. Nilikuwa na hili: tarehe 17 na 18 Juni tuna mtihani wa vitendo. Ndio utakaosema nani anabaki kwenye darasa la programu, nani anapelekwa kujifunza kutengeneza nyaya na mashine. Na kila mmoja lazima achague sasa: edita au IDE. Ukichagua umechagua. Wa IDE watapewa kompyuta za shule, lakini zinabaki hapa wakati wa likizo. Wa edita wanatumia za kwao. Kwa sababu hiyo mzazi lazima atie sahihi.

Karatasi iko ndani ya bahasha hii. Naomba shauri lako kwanza, kisha sahihi yako. Irudi kabla ya tarehe 31.

Mama, nataka kubaki kwenye programu. Sijawahi kutaka kitu hivi. Ukiniambia edita, nitaandika edita. Ukiniambia IDE, nitajifunza haraka.

Mtoto wako,
Belise


Gisenyi
26 Mei 2024

Kwako binti yangu mpenzi Belise,

Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta ukiwa buheri wa afya, ukiendelea na masomo yako kwa bidii na nidhamu. Sisi huku nyumbani sote hatujambo. Baba yako Mbarushimana anakusalimu, ni mzima, na juzi ameutengeneza ule mlango uliokuwa ukilia. Nyanya yako Illuminée anakusalimu na anauliza iwapo mnapata chakula. Kaka yako Evode anakusalimu, naye angali anavuka mpaka kila asubuhi kwa shughuli zake. Mama yako mdogo Vestine anakusalimu. Ujauzito wake umeingia mwezi wa tisa, na tunamngojea mgeni leo au kesho. Mjomba wako Gatete anakusalimu na anaulizia hali ya kompyuta. Jirani yetu Mama Yasmina anakusalimu. Kuku wako mwekundu angali analalia mayai yake.

Mimi mama yako ni mzima wa afya na kazi zangu zinaendelea vyema.

Baada ya salamu hizo, nimeyatafakari kwa kina yale uliyoniuliza. Dunia ya leo ni dunia ya teknolojia. Haifai mtu kutembea kwa miguu ilhali gari lipo. Chombo kinachomsahihisha mwandishi na kumkamilishia maneno yake ni neema, na hata mimi, kama uonavyo, nimeachana na kalamu. Kwa hiyo nakushauri bila kusita uchague hiyo IDE, ili usiachwe nyuma na wenzako.

Karatasi nimeitia sahihi na nimeiambatanisha hapa.

Nakutakia kila la heri. Tafadhali jibu mapema iwezekanavyo.

Wako akupendaye,
Mama


Shuleni
1 Juni 2024

Mama,

Nakusalimia. Salimia wote, na umsalimie zaidi tantine Vestine, kwa sababu namwonea huruma. Tarehe 21 Aprili mimba ilikuwa mwezi wa tisa, leo au kesho. Tarehe 26 Mei bado ni mwezi wa tisa, leo au kesho. Mama, huyo mtoto anangoja nini? Na kuku wangu amelalia mayai wiki tano, hata mawe yangekuwa yameanguliwa.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaacha kucheka, na nitakueleza kwa nini.

Barua ilipofika ikiwa imechapwa nilifurahi. Nilisema, kumbe mama ameniacha, yeye tayari yuko kwenye mashine na mimi bado nina mkaa wangu. Nikapeleka karatasi siku hiyo hiyo: IDE. Wakaniruhusu nianze kuzoea kompyuta ya shule. Jumatano tukapewa zoezi. Mimi nikatunga la bandari yetu: samaki waliofika asubuhi, utoe samaki waliouzwa, upate waliobaki. Nilikuwa na majina mawili, samaki_waliofika na samaki_waliouzwa. Nikaandika "samaki_" tu, mashine ikaniletea jina lote, nikabonyeza, nikaenda. Hakuna mstari mwekundu. Nilimaliza wa kwanza darasani! Lakini kwa kila siku niliyoijaribu jibu likawa sifuri, hakuna samaki anayebaki. Nilitafuta kosa saa nzima. Mashine ilikuwa imeniletea "waliofika" mahali pa "waliouzwa," na mimi sikusoma. Nilikuwa natoa waliofika kutoka kwa waliofika. Jina lilikuwa sahihi, herufi zote ziko, ndiyo maana hakukuwa na wekundu. Lilikuwa si la pale tu.

Basi nikachukua barua yako, nikaisoma tena, na salamu zako zikaniuma. Kila neno ni zima. Lakini si za tarehe 26 Mei. Mtu amezitoa mahali akazibandika. Na "kutafakari kwa kina" si wewe, mama. Wewe ungesema "nimewaza mpaka sambaza zimeungua."

Sasa jambo baya. Jana Mwalimu Umurerwa aliniita. Alikuwa ameweka karatasi mbili mezani, ile uliyoitia sahihi siku ya kuniandikisha na hii mpya. Ile ya zamani, herufi za "Ingabire" zimesimama wima kama watu kwenye foleni. Hii mpya zimelala, nyingine zinapanda juu ya nyingine. Akasema, "Belise, nani ameandika hii?" Nikasema mama. Akasema, "Angalia vizuri kisha unijibu tena." Niliangalia, mama, herufi moja moja. Mimi mwenyewe sikujua.

Anayejitilia sahihi ya mzazi haketi kwenye mtihani. Amenipa mpaka tarehe 10. Kompyuta ya shule wameichukua kwanza.

Wewe uliniambia nisikufiche kitu. Nani ameandika barua? Nani ametia sahihi? Na kwa nini si wewe? Usiniambie wote ni wazima. Niambie mmoja mmoja.

Belise


Rubona
5 Juni 2024

Belise,

Hii ni mukono wangu wa kushoto. Vumilia, naenda polepole.

Ile sahihi ni yangu. Niliitia mi mwenyewe, na huu huu mukono. Nimemuandikia Mwalimu Umurerwa karatasi yake, iko hapa ndani, ataona herufi zinalala sawa sawa. Baba yako na yeye ametia sahihi chini yangu.

Tarehe 14 Mei nilikuwa kwa sambaza. Jiwe moja la jiko lilipinduka, karai ya mafuta ikainama upande wa watu waliokuwa wanangoja. Niliishika. Njo hivyo tu. Mukono wa kuume umeungua mpaka hapa mutu anavaa saa. Kwa santé manesi waliufunga vizuri, kila siku ya pili naenda wananibadilishia. Sasa ngozi inarudi, vidole viwili bado havikunji. Evode alimwambia kila mutu wa bandari ati mama yake ameshika moto kama goalkeeper. Mujinga yule.

Sikukuambia kwa sababu ya yale ya mwaka jana. Nyogokuru alipougua ulitoka shule bila ruhusa siku tatu, na walisema ukirudia tena wanakufukuza. Nikasema, akisikia mukono atakuja. Na mutihani iko karibu. Donc nikanyamaza.

Barua yako na karatasi vilinikuta mukono umefungwa. Nikaenda kwa Védaste, yule anayechapa na kutoa fotokopi karibu na soko, aliyekulia Tanzania. Nikamupa daftari, nikasema salamu ziko humo, nilifungua tu ukurasa, sikuangalia ni ya lini. Yeye akachukua vyote, na mimba na kuku. Halafu akauliza, "Na afya yako, mama, niseme nini?" Nikamwambia sema niko muzima. Akauliza, "Na shauri?" Nikamwambia, muambie achague ile itakayomufaa. Yale ya gari na miguu ni yake. Alipomaliza alinisomea. Belise, ilikuwa inasikika kama padri siku ya Pasaka. Watu walikuwa wanangoja nyuma yangu kwa foleni. Niliona haya kusema si maneno yangu.

Usimukasirikie Védaste. Uongo nilienda nao mi mwenyewe kutoka nyumbani, yeye aliumaliza vizuri tu.

Sasa nakusalimia kweli, mumoja mumoja kama ulivyosema, na hapa naandika tu kile najua leo. Baba yako muzima. Ndiye anakaanga sambaza sasa, anaziunguza, watu wanamununulia kwa huruma. Nyogokuru muzima, magoti yanamuuma tangu mvua. Evode muzima. Gatete muzima. Mama Yasmina muzima, ndiye ananichania nywele. Kuku yako iliangua saba, mwewe ilichukua mbili.

Vestine alizaa tarehe 24 Aprili, mutoto mwanaume, kilo tatu na nusu. Siku ya nane tulifanya kwita izina, kumupa mutoto jina. Kila mutu alitoa jina lake, hata watoto wa jirani. Mi nilitaka nikutolee la kwako. Vestine akakataa. Akasema, "Belise atatoa mwenyewe, muache nafasi yake." Donc tumeiacha.

Karatasi ya kuchagua nimepata nyingine. Karangwa aliingia kwa ofisi ya shule akaniombea, alisema ile ya kwanza imeingia mafuta. Yeye na yeye muongo. Iko hapa. Angalia vizuri: nimetia sahihi chini. Mahali pa kuandika edita ao IDE, sikuandika kitu. Hapo si mukono wangu.

Mi sijui kompyuta. Najua hivi tu: na huu mukono wa kushoto, kila neno linaniumiza shingo, kwa hiyo kabla ya kuandika nauliza kama ni kweli na kama linalipa. Na ule wa kuume, kabla haujaungua, ulikuwa unajiendea tu. Sijui kama hiyo inakusaidia. Manzi atacheka.

Usije nyumbani. Mukono utapona hata usipouangalia. Kaa kwa mutihani.

Unijibu mbio, tafadhali, hata mustari mumoja, nijue kama Mwalimu amekubali. Mpaka hapo silali vizuri.

Mama yako
Ingabire


Shuleni
7 Juni 2024

Mama, mstari mmoja kama ulivyotaka, Karangwa anapiga honi.

Mwalimu ameziweka barua uliyomwandikia na karatasi ya kwanza pamoja, akalinganisha herufi kwa herufi. Akasema, "Basi nenda ukasome." Nitaketi. Sikuja nyumbani. Nimelia kidogo tu, chooni, kisha nimesoma.

B.


Shuleni
23 Juni 2024

Mama yangu,

Mkono ukoje? Anza na hilo ukinijibu. Vidole viwili vinakunja?

Matokeo yametoka jana. Nabaki kwenye programu.

Sasa nikueleze vizuri, usije ukamwambia Manzi mambo makubwa. Niliandika edita kwenye nafasi ile, na Mwalimu aliipokea karatasi ya pili kwa sababu ya kwanza alikuwa bado hajaikubali. Maswali yalikuwa matano. Nilimaliza manne, la tano sikulifikia kabisa, saa ziliisha nikiwa nasoma upya la nne. Yule anayeniita Bibi wa Mkaa alichagua IDE na alimaliza yote matano, na yote yalifanya kazi, ni hodari kweli. Yeye ni wa pili. Mimi ni wa kumi na tisa, na walichukua ishirini na wawili. Kompyuta ya tonton ilizimika mara moja katikati, nikaiwasha, kazi ilikuwepo kwa sababu nilikuwa nahifadhi kila baada ya mistari michache.

Mwalimu Umurerwa aliniuliza kila mstari wa yale manne unafanya nini. Nilimjibu yote bila kuangalia. Akasema mwaka ujao sote tutatumia IDE, upende usipende, kwa sababu kazini ndiyo wanayotumia. Nikasema sawa, mwalimu. Na ni sawa kweli, mama. Nitaitumia. Lakini kila ikiniletea jina, nitakumbuka tantine na mimba yake, nitasoma kwanza.

Kuhusu mtoto: jina langu ni Nshuti. Mwambie tantine asante kwa kuningoja.

Mwambie baba asiunguze sambaza, tutakosa wateja.

Wako,
Belise


Rubona, Gisenyi
30 Juni 2024

Mutoto wangu Belise,

Tulisoma barua yako kwa uwanja, Evode anasoma kwa sauti. Alipofika kwa "nabaki," nyogokuru alipiga makofi, halafu akauliza, "Anabaki wapi? Harudi likizo?" Tulimueleza mara tatu. Mi nilikaa kwa kiti kwanza. Halafu nilisimama nikaenda nyuma ya nyumba kidogo. Unajua.

Umeuliza mukono kwanza. Angalia hii barua. Mpaka hapo kwa "Unajua" ni wa kushoto. Kuanzia "Umeuliza" ni wa kuume. Kidole kimoja kinakunja, cha pili kinakuja. Herufi zinatetemeka, lakini ni zangu.

Leo nilipita kwa Védaste kununua bahasha. Akauliza, "Mama Belise, tuchape ya mutoto?" Nikamwambia leo naandika mwenyewe, lakini wewe utanichapia karatasi moja kubwa ya kubandika: SAMBAZA ZA MOTO, MAMA BELISE, JUU YA BANDARI. Alichapa vizuri sana, na maua pembeni. Kwa kazi ile mashine yake ni nzuri, siwezi kusema uongo. Nilisoma kila neno kabla ya kubandika.

Salamu. Baba yako anakusalimia, nimemutoa kwa karai, amerudi kwa kazi yake, ziwa zima limeshukuru. Nyogokuru anakusalimia, magoti yamepungua. Evode anakusalimia. Tonton Gatete anakusalimia, anatembea Rubona yote anasema kompyuta yake imeshinda mutihani. Mama Yasmina anakusalimia. Manzi nilimuambia wa kumi na tisa, akasema wa kumi na tisa kwa edita si mubaya. Hakucheka. Vifaranga ni vitano bado. Tantine Vestine anakusalimia, na Nshuti anakusalimia. Wengine wanamuita majina yao, lakini hilo la kwako njo anageukia.

Jambo la mwisho. Jana nilijaribu kutia sahihi na mukono wa kuume. Haifanani na ile ya zamani, na haifanani na ile ya kushoto. Nimeandika zote mbili, ya kuume na ya kushoto, kwa karatasi ndogo iko hapa. Umupe Mwalimu Umurerwa aweke kwa faili, asikuite tena.

Likizo iko karibu, najua. Hata hivyo usingoje kuja kuniambia kwa mudomo. Karangwa anarudi Alhamisi. Andika kitu, hata kama ni kusema tu umekula, umupe akija.

Mama yako,
Ingabire
Ingabire